SOMO LA AFYA: KUPANGA SAA ZA KULA NA SAA ZA KUFUNGA ILI KUPUNGUZA UZITO



Somo letu la leo ni juu ya kupunguza uzito kwa kufunga kula kwa saa fulani za siku. Huenda mwingine akauliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na tumbo la mtu? Tunajibu kwamba mfanyakazi hapangi saa yake ya kula peke yake. King'ora cha kiwanda kinampangia, nyapara anampangia, na zamu inampangia. Atakayebadilisha saa za kula bila kuitazama zamu yake atajiumiza. Jambo hilo tumeliona kwa macho yetu.

Sisi tunaoandika si madaktari. Tulimaliza shule ya msingi, tukaingia kiwandani, na sasa kazi yetu ni kuyatembelea matawi. Haya tumewauliza watu wa zahanati, kisha tukayapima na kazi tunayoijua.

1. JAMBO LILILOTUAMSHA

Katika kiwanda kimoja cha sukari hapa Uganda palikuwa na ndugu yetu wa upande wa kusaga miwa. Kilo zake zilikuwa 92 na urefu wake mita 1 na sentimita 70. Zahanati ilimwambia apunguze uzito, maana alikuwa na kisukari na damu yake ilikuwa inapanda. Shauri lilikuwa zuri, lakini hakuna aliyemweleza namna ya kulifuata.

Jirani yake alimwonyesha katika simu habari za watu wanaokaa saa 16 bila kula. Ndugu yule akaanza siku ile ile. Alikula mara ya mwisho saa 12 jioni, akameza vidonge vyake vya kisukari kama kawaida, akaingia zamu ya usiku saa 4. Wenzake walipokwenda kula saa 7 usiku, yeye alibaki pale pale. Saa 9 usiku alianza kutoka jasho la baridi, akatetemeka, akaanguka karibu na mkanda wa kubebea miwa. Mwenzake aliwahi kuusimamisha mkanda. Ndugu yule alipona, lakini mkono wake ulishonwa nyuzi.

Asubuhi nyapara aliandika neno moja katika kitabu: "Uzembe." Wiki iliyofuata msimamizi aliwaambia wajumbe wa tawi: "Kama watu wenu wanaweza kukaa bila kula, basi nusu saa ya chakula usiku ni ya nini?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pale ndipo tulipoona kwamba somo hili ni la wote. Kufunga kuliko na mpango ni jambo moja, na kunyimwa chakula ni jambo jingine. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza afya yake, na tena akapoteza haki ya wenzake.

2. NANI ANAHITAJI KUPUNGUZA UZITO?

Si kila mfanyakazi. Mkata miwa wa Busoga anayeinama na panga tangu alfajiri, au mchuma chai wa Toro anayepanda na kushuka kilima na mzigo mgongoni, mara nyingi ana shida ya kutoshiba. Mtu wa namna hiyo asijaribu kufunga. Chakula chake kiongezwe.

Wanaonenepa katika kazi zetu ni wale wanaokaa au wanaosimama mahali pamoja: madereva, walinzi, makarani, wanaotazama mitambo, wanaofunga bidhaa katika makatoni, na hasa wa zamu za usiku. Mwili wa binadamu umezoea kula mchana na kulala usiku. Chakula kikubwa cha usiku wa manane mwili hukitumia vibaya, na sukari hukaa juu katika damu kwa muda mrefu zaidi.

Hesabu ya kujipima ni hii. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa urefu huo huo. Kisha chukua kilo zako uzigawanye kwa jibu ulilopata. Ndugu yetu wa kiwandani: 1.70 mara 1.70 ni 2.89. Kilo 92 gawanya kwa 2.89 ni karibu 32. Maana yake ni hii:

Chini ya 18.5: umekonda. Usifunge.
18.5 hadi chini ya 25: uzito wako ni wa kawaida. Huna haja ya kufunga.
25 hadi chini ya 30: uzito umezidi.
30 na zaidi: ni unene unaoweza kuleta magonjwa.

Mtu mwenye misuli mikubwa kwa sababu ya kazi nzito anaweza kudanganywa na hesabu hii, kwa hiyo na atazame pia kiuno chake. Tena, si lazima kupunguza kilo nyingi ndipo upate faida. Mtu mnene akipunguza sehemu 5 tu katika kila 100 za uzito wake, damu na sukari huanza kwenda vizuri. Kwa mwenye kilo 92, hizo ni kilo 4 na nusu hivi.

3. KUFUNGA KUNAFANYA NINI MWILINI?

Mwili una ghala mbili. Ghala ndogo ni ya sukari, nayo imo katika ini na misuli. Ghala kubwa ni ya mafuta, ambayo ndiyo tunayoiona tumboni. Ukila, mwili hutumia chakula kile kwanza na kujaza ghala ndogo. Kinachobaki hukiweka katika ghala kubwa. Ukikaa muda mrefu bila kula, yaani kama saa 12 hivi au zaidi, ghala ndogo ya ini hupungua sana na mwili huchota zaidi katika ghala ya mafuta.

Lakini tusidanganyane. Ghala ya mafuta haitapungua ikiwa unapofungua unarudisha yote uliyoyaacha. Wataalamu wamelipima jambo hili. Huko San Francisco, Marekani, matokeo ya mwaka 2020 yalitolewa juu ya watu 116 waliofuatwa kwa wiki 12. Kundi moja lilikula kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu, na kundi la pili lilikula mara tatu kama kawaida. Hawakuambiwa wapunguze kiasi. Tofauti ya uzito kati ya makundi hayo haikufika hata gramu 300.

Huko Guangzhou, China, matokeo ya mwaka 2022 yalihusu watu 139 wanene waliofuatwa kwa mwaka mzima. Wote walipunguza kiasi cha chakula, lakini kundi moja lilikula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 alasiri tu. Kundi hilo lilipunguza kilo 8 kwa wastani, na lile jingine kilo 6 na kidogo. Wataalamu walisema tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba saa zenyewe ndizo zilizofanya kazi.

Tunajifunza nini? Kinachopunguza uzito ni kula kidogo kuliko unavyotumia. Saa za kufunga ni uzio tu. Zinamsaidia mtu asile ovyo usiku, asinywe soda kila akipita dukani. Kwa mwingine uzio huo ni msaada mkubwa. Kwa mwingine ni mateso, naye afadhali apunguze sahani yake bila kufunga. Hakuna aliyekosea kati ya hao wawili.

4. WASIOFAA KUFUNGA

Hawa wasianze kabla ya kumwona daktari, na wengine wasianze kabisa:

(a) Mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini au anayemeza glibenklamidi. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hukula. Hilo ndilo lililomwangusha ndugu yetu.
(b) Mama mjamzito na mama anayenyonyesha.
(c) Kijana aliye chini ya miaka 18.
(d) Aliyekonda, au anayetoka katika ugonjwa.
(e) Mwenye vidonda vya tumbo.
(f) Anayemeza dawa zinazotaka chakula, au dawa za damu zinazomfanya akojoe sana.

Kila mmoja katika tawi na azijue dalili za sukari kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, na kusema maneno yasiyoeleweka. Mwenzako akiwa hivyo, mwondoe kwenye mtambo. Mpe vijiko 3 au 4 vya sukari ndani ya maji, au soda yenye sukari. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, rudia, na aitwe mtu wa zahanati. Akipata nafuu, ale chakula. Kama amezimia, usimtilie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali.

5. MPANGO KWA KILA ZAMU

Kwanza, anza na saa 12 tu za kufunga, kwa wiki mbili. Kwa mfano, chakula cha mwisho saa 1 jioni na cha kwanza saa 1 asubuhi. Watu wengi wataona kwamba hapo wameacha tu kula usiku. Ukiona unaweza, fika saa 14. Kwa mtu wa mitambo au wa kazi nzito, sisi tunashauri aishie hapo. Zile saa 16 zinazosifiwa ziachieni siku za mapumziko, au watu wa mezani.

Kanuni yetu kuu ni moja: saa za kufunga ziangukie katika usingizi na mapumziko, zisiangukie katikati ya kazi ya hatari.

ZAMU YA ASUBUHI (saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana). Kula saa 11 na nusu alfajiri kabla ya kuingia, hata kama ni uji na yai. Kula tena wakati wa mapumziko. Chakula cha mwisho na kikubwa kiwe saa 9 na nusu alasiri, ukishafika nyumbani. Hapo utafunga saa 14 mpaka alfajiri. Kama jioni unataka kuketi na watoto mezani, keti nao na kikombe cha chai isiyo na sukari. Kama huwezi, sogeza chakula cha mwisho mpaka saa 11 na nusu jioni, ufunge saa 12. Amani ya nyumba nayo ni afya.

ZAMU YA MCHANA (saa 8 mchana hadi saa 4 usiku). Chakula cha kwanza saa 4 asubuhi. Chakula kikubwa saa 7 mchana. Cha mwisho wakati wa mapumziko, kama saa 1 jioni. Ukirudi nyumbani usiku usifunue sufuria. Kunywa maji, ulale.

ZAMU YA USIKU (saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi). Hapa ndipo wengi wanapokosea. Usifunge usiku ukiwa kazini. Amka, ule chakula cha kwanza saa 9 alasiri. Kula chakula kikubwa saa 2 usiku kabla ya kwenda kazini. Wakati wa mapumziko, saa 7 usiku, kula kidogo: mayai, karanga, ndizi, si sahani ya posho. Kisha funga mpaka saa 9 alasiri. Hizo ni saa 14, na nyingi kati ya hizo umelala. Ukitoka kazini njaa ikiuma sana, kunywa uji kidogo ulale. Hakuna atakayekushitaki.

Zamu zikibadilika kila wiki, usikimbizane na saa. Shika saa 12 tu, na siku ya mapumziko usogeze chakula kwa saa mbili tatu kuelekea zamu mpya.

Pili, maji. Kufunga kwa ajili ya uzito hakukatazi maji. Ndugu zetu Waislamu katika mwezi wa Ramadhani hawanywi maji mchana, lakini ile ni ibada na ina sheria zake, ambazo zinamruhusu mgonjwa na msafiri kufungua. Hapa hakuna sharti hilo. Kwenye joto kali, karibu na tanuri au juani, kunywa kikombe cha mililita 250 kila dakika 15 hadi 20.

6. SAHANI NA KIKOMBE

Anayefunga saa 14 kisha akafungua kwa mlima wa posho na roleksi mbili hajafanya kitu. Igawe sahani yako hivi: nusu iwe mboga, kama mchicha au sukuma wiki, robo iwe posho, matoke au wali, robo iwe maharagwe, njugu, au dagaa, wale wanaoitwa mukene. Maharagwe na mukene msiyaache, maana mtu anayepungua bila kula vyakula vya kujenga mwili hupoteza na misuli. Misuli ndiyo mtaji wa mfanyakazi.

Tazameni pia kikombe. Mtu anayetia vijiko 4 vya sukari katika chai, na kunywa vikombe 3 kwa siku, anakula vijiko 12, karibu gramu 48. Kwa mwezi wa siku 30, hiyo ni karibu kilo 1 na nusu ya sukari. Na chupa ndogo ya soda ya mililita 300 ina sukari inayozidi gramu 30, yaani vijiko 7 au 8. Wengine, kwa kuacha hiyo peke yake, hawatahitaji kufunga hata kidogo.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, kwenye mizani ile ile. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha, na wiki nyingine hutapungua kitu. Ukipungua kwa kasi sana, au ukapata kizunguzungu kazini, acha na uende zahanati. Mwambie pia mwenzako wa karibu kwamba unafunga. Usifanye siri, maana huyo ndiye atakayesimamisha mkanda.

7. SEHEMU YA TAWI

Sasa turudi kwa yule msimamizi na swali lake. Tawi lilimjibu hivi: mfanyakazi anayefunga amebadilisha saa ya kula, hakuiuza saa ya kupumzika. Mapumziko ni ya mwili wote, si ya tumbo peke yake. Ni ya macho yanayotazama mtambo na miguu iliyosimama. Kwa jirani zetu wa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, wala haimuulizi kama amekula au hakula. Na Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 102 la mwaka 1956, lilishughulikia mambo ya kantini na mahali pa kulia kazini. Kwa hiyo hatuombi zawadi.

Nusu saa ya usiku ilibaki. Neno "uzembe" lilifutwa kitabuni baada ya mikutano mitatu, na pakaandikwa kwamba mfanyakazi aliugua kazini. Tawi likadai pia kwamba kantini ya usiku iuze mayai na maharagwe, si maandazi na soda tu, na maji safi yawe karibu na mitambo. Maji yalipatikana. Mayai bado tunayadai.

Na ndugu yetu? Alirudi kwa daktari kwanza. Dawa zake zilipangwa upya pamoja na saa zake za kula, akafuata mpango wa zamu ya usiku tulioueleza hapo juu, na sukari ya chai akaiacha. Baada ya miezi mitano alikuwa na kilo 87. Hakupungua kwa haraka kama watu wa kwenye simu, lakini hakuanguka tena. Mkono una kovu, na kovu hilo huwaonyesha vijana wapya wa zamu ya usiku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika zamu yenu, chakula cha mwisho huliwa saa ngapi, na cha kwanza saa ngapi? Hesabuni saa zilizo katikati.
2. Ni nani kati yenu asiyefaa kufunga, na kwa nini?
3. Kantini yenu, au mama anayeuza langoni, ana chakula gani kwa mtu anayetaka kupunguza uzito? Mwaweza kumwomba nini?
4. Someni mkataba wenu na mwajiri. Mapumziko ya chakula yameandikwa ni dakika ngapi? Mnazipata zote?
5. Mwenzenu akianguka usiku, nani anajua kuusimamisha mtambo, na sukari iko wapi?

Umoja ni nguvu, na afya ni mali.